Boti ndogo ya injini ya kupachika: ipi inafaa wakati petroli ni ghali?

Swali

Salaam kwenu nyote. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu wa boti ndogo kabla sijalipia chochote. Kazi ninayoikusudia ni kuwapeleka watu watatu na vifaa vyao vya uvuvi, jumla ya kilo 300 hivi, katika maji yaliyokingwa na upepo mkali, umbali wa kilomita 8 kwenda na kilomita 8 kurudi. Safari hiyo itafanyika karibu kila siku ya kazi, kwa hiyo petroli ndiyo itakayoamua kama shughuli hii inalipa au hailipi.

Nimeonyeshwa boti mbili. Ya kwanza ni ya faiba, ina urefu wa mita 4.5, ni pana, chini ni bapa, na inauzwa pamoja na injini ya kupachika ya nguvu farasi 25 ya mipigo miwili, yaani ile ambayo oili huchanganywa na petroli. Ya pili ni ya mbao, ina urefu wa mita 6.5 na upana usiofika mita moja na nusu, na inauzwa bila injini. Mwenye nayo anasema kwamba injini ya nguvu farasi 8 inaitosha. Uzito wa boti hizo unakaribiana, kama kilo 250 kila moja. Wengi niliowauliza wananihimiza nichukue ile ya kwanza kwa sababu injini kubwa haichoki upesi. Ningependa kujua kama hoja hiyo ina msingi, na ni mambo gani mengine ninayopaswa kuyapima kabla ya kuamua.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, karibu. Ningekushauri uiweke injini mwisho kabisa katika mlolongo wa maamuzi yako, na uanze na mwendo. Je, unaweza kukubali kufika baada ya dakika hamsini na kitu, au kazi yako inakulazimu ufike kwa robo saa? Ukishalijibu swali hilo kwa dhati, umbo la boti utalijua, na ukishalijua umbo, ukubwa wa injini unabaki kuwa hesabu.

Sababu ni mawimbi ambayo boti hujitengenezea yenyewe. Boti inayokwenda polepole husukuma maji kando na kuyaacha yakutane tena nyuma yake. Kadiri inavyoongeza kasi, wimbi linaloanzia kwenye omo (sehemu ya mbele ya boti) hurefuka, mpaka urefu wa wimbi hilo unapolingana na urefu wa sehemu ya boti iliyo ndani ya maji. Kuanzia hapo tezi (sehemu ya nyuma) huanza kuzama na omo kuinuka, na kila kiasi cha nguvu unachoongeza kinaishia kukuza wimbi badala ya kuongeza kasi. Kikomo hicho hukadiriwa hivi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa mita, uzidishe kwa 4.5, na jibu litakuwa kilomita kwa saa. Boti yenye mita 4 ndani ya maji ina kikomo cha kilomita 9 kwa saa, yenye mita 6 ina kikomo cha kilomita 11 hivi, na yenye mita 9 hufika 13.5. Mitumbwi na ngalawa nyembamba sana, ambazo urefu wake ni mara nane au zaidi ya upana wake kwenye maji, hazibanwi sana na kanuni hii kwa kuwa wimbi lake ni dogo, lakini boti zako zote mbili ni pana kuliko hizo.

Chini ya kikomo hicho, nguvu inayohitajika hukua kwa takriban kipeo cha tatu cha kasi, na karibu na kikomo chenyewe hukua haraka zaidi. Maana yake ni kwamba ukipunguza kasi kwa asilimia 20, nguvu inayotakiwa hushuka hadi karibu nusu, na hata ukizingatia kwamba safari imechukua muda mrefu zaidi, mafuta ya safari nzima hupungua kwa kama theluthi moja. Hakuna kifaa cha kununua kitakachokupa nafuu ya kiasi hicho.

Sasa tuitazame ile boti ya faiba. Imetengenezwa ili ipande juu ya maji na kuteleza, na ikifanikiwa kupanda huwa imelikimbia wimbi lake. Ili boti ya aina hiyo ipande, kwa kawaida kila nguvu farasi moja isibebe zaidi ya kilo 20 hadi 25. Jumlisha: boti kilo 250, watu na vifaa kilo 300, injini na petroli vikaribie kilo 75. Jumla ni kilo 625, sawasawa na kilo 25 kwa kila nguvu farasi. Upo ukingoni kabisa. Siku ambayo nyavu zimelowa, au umepata samaki wengi, au mtu wa nne amepanda, boti hiyo haitapanda juu ya maji. Itakwenda imeinua omo, tezi imezama, injini ikiwa imefunguliwa yote, kwa kasi ya kilomita 15 au 16 kwa saa. Hiyo ndiyo hali inayokula petroli kuliko nyingine zote, na boti nyingi ndogo zenye mizigo hutumia maisha yake yote humo bila wenyewe kutambua, kwa sababu kelele na povu vinawafanya waamini kwamba wanakwenda kasi.

Usipime lita kwa saa, pima lita kwa kilomita. Injini ya zamani ya mipigo miwili ya nguvu farasi 25 ikifunguliwa yote hutumia kama lita 11 kwa saa. Ikiwa boti imepanda na inakwenda kilomita 30 kwa saa, safari yako ya kilomita 16 itachukua lita 6 hivi. Ikishindwa kupanda na kubaki kwenye 16, safari ileile itachukua lita 11. Boti ya mbao, yenye mita 6 hivi ndani ya maji, ikienda kilomita 9 kwa saa kwa injini ndogo ya mipigo minne iliyofunguliwa nusu, itatumia takriban lita moja kwa saa, yaani karibu lita 2 kwa safari nzima. Haya ni makadirio, na hali ya maji itayabadilisha, lakini tofauti baina ya lita 2 na lita 11 ni kubwa mno kufutwa na makosa ya ukadiriaji.

Jibu la pili

Nakubaliana na sehemu kubwa ya yaliyosemwa, ila ningependa boti ya kuteleza itendewe haki. Ikiwa nyepesi, ikibeba watu wawili wasio na mizigo, na kama thamani ya kazi iko katika kuwahi (kumfikisha mgonjwa, kwa mfano, au kuwahisha samaki kabla hawajaharibika), boti hiyo inaweza kuwa chaguo la busara hata petroli ikiwa ghali. Dakika arobaini zilizookolewa kila upande si kitu kidogo kwa mtu anayelipwa kwa idadi ya safari.

Jambo jingine ni mkondo. Boti inayokwenda kilomita 9 kwa saa ikikutana na mkondo wa kilomita 4 kwa saa inabaki na kilomita 5 tu dhidi ya nchi kavu, na lita kwa kilomita zinakaribia kuwa maradufu. Mwenye boti ya polepole hana budi kupanga saa zake za kutoka na kurudi kwa kufuata maji kujaa na kupwa, au kupita kando ambako mkondo ni hafifu. Ndugu muulizaji hakutueleza kama kuna mkondo huko anakokwenda. Akiujua, aulinganishe na kasi anayoitarajia kabla ya kuamua.

Jibu la tatu

Nimekuwa nikitengeneza injini hizi kwa muda mrefu, kwa hiyo nitabaki kwenye injini.

Kuhusu hoja kwamba injini kubwa haichoki: ni kweli kwamba injini yoyote hudumu zaidi ikifanya kazi chini ya uwezo wake wote, na theluthi mbili za mizunguko yake ya juu ni mwendo mzuri wa kazi. Lakini hoja hiyo inahusu uwiano kati ya injini na boti, haihusu ukubwa peke yake. Nguvu farasi 8 kwenye boti ndefu na nyembamba inayohitaji nguvu farasi 2 au 3 ili kwenda kilomita 9 kwa saa katika maji matulivu ina akiba ya kutosha kwa upepo wa mbele. Nguvu farasi 25 kwenye boti fupi iliyolemewa haina akiba yoyote, kwa kuwa inafunguliwa yote kila siku. Kati ya injini hizo mbili, ya pili ndiyo itakayochoka mapema.

Kuhusu mipigo miwili na mipigo minne. Katika injini ya mipigo miwili yenye kabureta, mchanganyiko mpya huingia wakati tundu la moshi bado liko wazi, na sehemu yake, ambayo inaweza kufika robo, hutoka nje bila kuungua. Upotevu huo ni mbaya zaidi kwenye mwendo wa polepole, yaani mwendo uleule tunaokushauri uutumie. Juu ya hayo kuna oili, ambayo kwa uwiano wa kawaida wa 1 kwa 50 ni lita moja kwa kila lita 50 za petroli. Kwa upande wake, injini hiyo ni nyepesi, ina vipande vichache, na fundi yeyote wa kawaida anaweza kuifungua ufukweni. Ya mipigo minne ni nzito zaidi kwa ukubwa uleule, inadai kubadilishiwa oili kwa wakati, na haitaki kulazwa ovyo upande wowote. Hata hivyo, kwa mtu anayetoka karibu kila siku kwa mwendo wa wastani, sioni namna ambayo ile ya mipigo miwili itashinda hesabu, isipokuwa kama mafundi na vipuri vya mipigo minne havipatikani kabisa. Hilo la vipuri lichunguze kwanza. Injini inayosubiri kipuri kwa miezi haiokoi mafuta yoyote.

Nisisitize pia jambo ambalo wauzaji hulisahau, nalo ni rafadha, yaani panga boi linalozunguka majini na kuisukuma boti. Kila rafadha ina kipenyo na ina hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu bila kuteleza. Chukua injini ndogo ambayo gia yake ni 2.08 kwa 1 (injini huzunguka mara 2.08 kwa kila mzunguko mmoja wa rafadha), yenye rafadha ya hatua ya inchi 8, ikizunguka mara 5,500 kwa dakika: kwa hesabu, rafadha hiyo ingekwenda kilomita 32 kwa saa. Ukiifunga kwenye boti isiyoweza kuzidi 11, sehemu kubwa ya kazi yake ni kuyachafua maji tu. Kwa boti nzito ya polepole unataka rafadha yenye kipenyo kikubwa na hatua fupi, izunguke taratibu na kushika maji mengi kwa wakati mmoja. Watengenezaji kadhaa wanauza injini za karibu nguvu farasi 10 zilizokusudiwa kusukuma mizigo, zenye gia inayokaribia 3 kwa 1 na rafadha kubwa, na zina msukumo mkubwa zaidi kwenye boti ya kazi kuliko injini ya kawaida ya nguvu hizohizo. Ukiipata kwa bei isiyozidi sana, ipe nafasi ya kwanza.

Namna ya kujua kama rafadha uliyonayo inafaa ni kupakia mzigo wa kawaida, kufungua mafuta yote kwa muda mfupi, na kusoma mizunguko. Injini ndogo nyingi za mipigo minne zinatakiwa kufika kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika, na kitabu cha injini yako kitakutajia kiwango halisi. Isipofika, hatua ni ndefu mno na injini inakabwa. Ikizidi, hatua ni fupi mno. Kila inchi moja ya hatua hubadilisha mizunguko kwa 150 hadi 200 hivi, kwa hiyo unaweza kukisia unachohitaji kabla ya kununua nyingine.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba niliuliza swali la kasi bila kulitaja. Dakika hamsini na tano nazikubali bila shida, na mkondo wa huko ni hafifu, kwa hiyo ninaelekea kuichukua boti ya mbao pamoja na injini ya mipigo minne ya nguvu farasi 8, au ile ya kusukuma mizigo nikiipata. Nina maswali mawili zaidi. Je, kuna maana ya kufikiria injini ya umeme kwa safari hii? Na katika kuifunga injini kwenye boti hiyo, kuna mambo yapi yanayoathiri matumizi ya mafuta?

Jibu la nne

Nitajibu la umeme. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama kilowati-saa 9, lakini injini ndogo pamoja na rafadha yake hugeuza labda sehemu moja ya kumi tu kuwa msukumo. Mota ya umeme yenye rafadha nzuri hugeuza karibu nusu. Kwa hiyo safari yako ya kilomita 16 kwa kilomita 9 kwa saa ingehitaji takriban kilowati-saa 3 hadi 4 kutoka kwenye betri. Betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina 1.2 ikiwa imejaa, na betri ya kawaida ya asidi isishushwe chini ya nusu kama unataka idumu, yaani utapata 0.6 tu kwa kila moja. Ungehitaji betri tano hadi saba zenye uzito wa kilo 25 hadi 30 kila moja, bila akiba yoyote ya dharura. Betri za lithiamu zingekuwa chache na nyepesi zaidi, lakini gharama ya kuanzia ni kubwa.

Hali inabadilika ukikubali kilomita 6 kwa saa, kwani nishati ya kila kilomita inashuka chini ya nusu. Kwa anayevuka mto, au anayefanya kazi karibu na ufuko na ana paneli za jua za kujazia, umeme tayari ni jibu zuri. Kwa kilomita 8 nje na mzigo wa kilo 300, mimi bado ningebaki na petroli.

Jibu la tano

Kuhusu kufunga injini, pima kwanza urefu wa ubao wa tezi kutoka juu hadi usawa wa mkuku (uti wa chini wa boti), kabla ya kuagiza. Injini ndogo huuzwa kwa urefu wa inchi 15, 20 au 25, na kosa hapa ni ghali kulirekebisha. Bamba lililo juu tu ya rafadha linatakiwa liwe sawa na sehemu ya chini ya boti au lizame sentimita 2 hadi 3 chini yake. Likiwa juu zaidi, rafadha huvuta hewa na kuzunguka bure; likiwa chini sana, mguu wote wa injini unaburuzwa majini kila safari. Boti za mbao zenye mkuku mnene mbele ya rafadha huipelekea maji yaliyovurugika, kwa hiyo mwambie fundi auchonge mwisho wa mkuku uwe mwembamba kabla ya kuupaka rangi.

La pili ni mgawanyo wa uzito, nalo halina gharama. Mwendeshaji akikaa nyuma kabisa pamoja na injini na tangi la petroli, tezi huzama, na ubao wake wa nyuma huburuza maji yanayozunguka-zunguka. Sogeza tangi na mizigo mizito katikati, kisha ongeza bomba jepesi kwenye mkono wa usukani ili mwendeshaji akae mbele zaidi. Mkiwa safarini tazama nyuma: maji yakiachana na tezi kwa utulivu, mmekaa sawa, yakiwa yanachemka na kufuata boti, sogeeni mbele kidogo kidogo mpaka yatulie. Maji ya ngama (yanayojikusanya chini ndani ya boti) nayo yatolewe kila mara, kwani lita 50 za maji zilizosahauliwa ni kilo 50 unazozilipia petroli.

Usafi wa chini ya boti hauhitaji maelezo marefu. Utelezi mwembamba wa kijani tayari unaongeza ukinzani, na magamba yakishashika, boti inaweza kupoteza sehemu kubwa ya kasi yake. Boti ya kilo 250 inaweza kuvutwa ufukweni, kwa hiyo ivuteni na kuisugua kila mara.

Kuhusu usalama, hifadhini theluthi moja ya mafuta kwa kwenda, theluthi moja kwa kurudi, na theluthi moja isiguswe. Muwe na makasia yanayoitosha boti, kila mtu avae jaketi ya kujiokolea, na mwendeshaji ajifunge kamba ya kuzima injini. Kuokoa mafuta kusiwe sababu ya kuondoka na tangi lisilotosha.

Mwisho, kabla ya kumaliza malipo, omba kuijaribu boti ikiwa na mzigo kamili wa kilo 300 na injini ya ukubwa unaoutaka, hata kama ni ya kuazima. Tumia chombo cha petroli kilichotiwa alama za nusu lita, chagua alama mbili za kudumu ufukweni ambazo umbali kati yake unaujua, na uende pande zote mbili ili upepo na mkondo vifutane. Rudia kwa mafuta yaliyofunguliwa theluthi, nusu na robo tatu, kisha uandike lita kwa kilomita kwa kila mwendo. Pale ambapo kasi inaongezeka kidogo huku lita zikiruka sana, tia alama kwenye mkono wa mafuta, na kila atakayeiendesha boti hiyo aoneshwe alama hiyo kabla ya kuondoka.